Mfumo wa kura unaoeleweka hadi kwenye hesabu

Nchini Gambia watu wamezoea kupiga kura kwa gololi. Mpiga kura hupewa gololi moja, akaingia nyuma ya pazia na kukuta mapipa ya chuma yaliyopakwa rangi, kila pipa likiwa na picha ya mgombea. Anaitumbukiza kwenye bomba, ndani inagonga kengele: mlio mmoja. Ikilia mara mbili, kituo kizima kimesikia kuna udanganyifu. Wakati wa kuhesabu, gololi hupangwa kwenye trei zenye matundu, na hata asiyejua kusoma anaona trei ipi imejaa. Kwa gololi hizo, mwaka 2016, Yahya Jammeh aliyetawala miaka 22 alishindwa.

Wanaojadili mifumo ya uchaguzi huuliza kwanza upi una haki zaidi, na ni swali zuri. Mimi naomba liulizwe na la pili pamoja nalo: wakala wa mgombea aliyeshindwa ataweza kuirudia hesabu mwenyewe?

Mfumo wa alama moja, ambao mpiga kura anaweka alama kwa mgombea mmoja tu na mwenye kura nyingi anashinda, unampa nafasi hiyo. Kila kituo kinahesabu, kinabandika fomu ukutani, na kujumlisha fomu ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini urahisi wake una deni. Wagombea wawili wenye msimamo mmoja wakigawana kura, wa tatu anapita hata kama wengi hawamtaki, na mpiga kura anabaki kukisia wenzake watafanya nini.

Kupanga wagombea kwa namba 1, 2, 3 kunapunguza tatizo hilo. Ila wa mwisho akienguliwa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, na huwezi kujua nani ni wa mwisho mpaka kura za vituo vyote ziwekwe pamoja. Fomu ya ukutani haitoshi tena. Na namba zenyewe zinakosewa. Mwaka 1984 Australia iliwarahisishia wapiga kura wa Seneti: badala ya kuwapanga wagombea wote, mtu aliweza kuandika 1 tu kwenye kisanduku cha chama. Kura zilizoharibika za Seneti zikapungua sana, lakini zile za Baraza la Wawakilishi zikaongezeka, kwa kuwa wengi waliandika 1 peke yake huko pia, ambako ilibidi kupanga wote. Watu walifuata walichofundishwa, kwenye karatasi isiyo yake.

Kuna njia ya kati ambayo naona inasahauliwa: karatasi ileile, ila weka alama kwa kila mgombea unayemkubali. Mwenye alama nyingi anashinda, na fomu ya kituo bado inajumlishika.

Kwa hiyo kamati inayochagua mfumo ichapishe karatasi za majaribio, iwape watu wa kawaida bila maelezo marefu, kisha ihesabu zilizoharibika. Halafu iwaombe watu haohao waeleze mshindi amepatikanaje.