Laptopu au kompyuta ya mezani? Niambie kwanza unakaa wapi

Juzi dada mmoja mwenye stesheneri aliniletea laptopu iliyobinuka. Betri ilikuwa imevimba mpaka imeinua kile kibao cha kusogezea mshale. Ukiiweka kaunta inacheza kama meza yenye mguu mfupi.

"Fundi, hii niliinunua niwe natembea nayo."

"Imeshatembea wapi?"

Akacheka. Miaka mitatu haijatoka dukani, chaja imechomekwa kutwa. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa muda wote, na mashine yenyewe ina joto, huchakaa upesi, na mwisho hujaa gesi. Dada wa watu alilipia vitu vya msafiri, na kazi yake ni kuchapa barua na kutoa fotokopi.

Mtu wa hivyo mimi namwambia achukue ya mezani, sipepesi macho. Chukua mashine mbili za mtumba za rika moja. Prosesa, yaani ubongo wa mashine: i5-8250U ya laptopu imepangiwa wati 15, i5-8500 ya mezani wati 65. Zote zinaitwa i5, na muuzaji atakuapia ni kitu kimoja. Kazi fupi hutaona tofauti. Ipe kazi ndefu, kama kutoa video ya harusi iliyohaririwa: laptopu inaanza kwa mbio, joto likipanda inajipunguza kasi yenyewe. Nikiifungua, mara nyingi nakuta vumbi limeziba njia ya feni, limeshikana kama kipande cha blanketi.

Halafu matengenezo. Pawa saplai ya mezani ikifa, naweka nyingine, unaondoka. Kibodi yake ikimwagikiwa chai, unanunua kibodi. Ya laptopu ikimwagikiwa, chai inashuka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, na hapo tunaanza kuongea lugha nyingine.

Ubaya wa mezani ni umeme. Ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Nunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ila ile ndogo ya VA 650 ni ya kukupa dakika chache uhifadhi na kuzima, si ya kusubiria umeme urudi. Na kwenye Luku, mashine na kioo chake vikila wati 80 kwa saa 8 ni uniti 0.64, laptopu ya wati 20 ni 0.16. Wa sola achukue laptopu, hakuna mjadala. Mwanafunzi wa chuo pia.

Yoyote utakayochagua, soma namba ya prosesa kabla hujatoa hela. Kwenye i5-8500, ile 8 ndiyo kizazi. 10400 ni cha 10. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana. Cha 6 kilichofutwa vizuri na kubandikwa stika mpya bado ni cha 6.

Yule dada amechukua ya mezani na UPS. Laptopu nimeibadilisha betri. Mdogo wake anaanza chuo Morogoro mwezi ujao.