Namba kubwa kwenye diski si zawadi

Anayeanza gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi iingie kikapuni, hupenda kuokota diski iliyoandikwa kasi 12 au 13, akiamini namba hiyo ndiyo kasi atakayopewa. Ni kinyume. Hiyo ni kasi ambayo diski inamdai mrushaji ili ipae ilivyokusudiwa. Usipoifikisha, inapinda mapema na kuanguka: kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikitazama kifuani, huchepuka kushoto, na kushoto ndiko vichaka vilikojificha siku zote!

Diski za polepole, zile za 2 hadi 5, husamehe makosa mengi. Katika bustani ya mji mdogo, ambako mara nyingi kikapu cha minyororo hakiko hata mita 100 kutoka unaporushia na miti imesimama njiani, kunyoosha mrusho kuna faida kuliko kufika mbali. Mzunguko mzima unaweza kuuchezea diski moja tu, ile ya kutupia kikapuni, na wala si aibu.

Nguvu za bega nazo zinasifiwa kupita kiasi. Mrusho huanzia miguuni na kiunoni. Mkono hufuata tu, na diski isiyozunguka vizuri hutetereka hewani hata ikirushwa na baunsa.