Je, wajua kwa nini leya (matabaka ya mchoro wa kompyuta) ulizoziandaa hupotea faili la ramani linaposafishwa?

Mchoraji anaanza ramani ya nyumba kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta. Kabla hajachora hata ukuta mmoja anapanga leya zake: kuta, milango, madirisha, nguzo, taa, soketi, maji safi, maji taka. Kila leya anaipa rangi yake na unene wa mstari wake. Anachora kuta na milango, anaona faili limekuwa zito, anaandika PURGE, amri ya kuondoa visivyotumika kwenye faili, anakubali kila kitu, kisha anamtumia mhandisi wa umeme. Mhandisi anatafuta leya ya taa, haipo. Ya soketi nayo haipo. Anatengeneza zake, kwa majina na rangi anazozijua yeye. Kazi ikirudi na kuunganishwa na ile ya mwanzo, nyaya za taa zinachapishwa nene kama kuta, na kuna leya tatu zenye maana moja.

Kwa nini programu ifute kitu kilichoandaliwa kwa makusudi? Jibu liko kwenye namna faili linavyoielewa leya, na namna hiyo ni tofauti na tunavyoiona kwenye kioo.

Zamani, ofisi za uchoraji zilitumia karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikishikwa pamoja na vipini upande mmoja ili zisisogee. Karatasi ya chini ilikuwa na kuta, iliyofuata umeme, ya tatu mabomba. Leya za kompyuta zilirithi wazo hilo, ndiyo maana wengi wetu tunaifikiria leya kama karatasi tunayoweka vitu juu yake. Karatasi tupu bado ni karatasi, hata kama haijaguswa na kalamu.

Ndani ya faili hakuna karatasi. Kuna jedwali, na kila leya ni safu moja ndani yake: jina, rangi, aina ya mstari, unene. Ukuta haukai ndani ya leya. Ukuta unabeba kumbukumbu ya leya yake. Hifadhi mchoro wako kwa muundo wa DXF, unaouandika mchoro kama maandishi, ufungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, utaliona hilo kwa macho: kila mstari una namba 8, na chini yake jina la leya. Uhusiano wote ni huo. Kitu kinaielekeza leya, leya haina habari na kitu.

Kwa hiyo PURGE inapopita, swali lake kwa kila safu ni moja tu: kuna chochote kinachokuelekeza? Kama hakuna, safu hiyo inafutika. Haiulizi uliitengeneza lini, ulikusudia nini, au kesho mhandisi ataihitaji kwa ajili gani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Wanaigandisha leya tupu, au wanaizima, au wanaifunga kwa kufuli, wakiamini kwamba kufuli italinda. Hailindi. Hali hizo zote ni alama zinazoandikwa kwenye safu ya leya yenyewe. Katika DXF, leya iliyozimwa ni leya ambayo namba ya rangi yake imewekewa alama ya kutoa, basi. Kufuli inazuia vilivyomo kwenye leya visihaririwe. Leya isiyo na kitu haina cha kuzuiwa, na PURGE inaiondoa kama nyingine.

Leya inayobaki bila msaada wa mtu ni leya 0, ambayo ipo katika kila faili na haifutiki. Leya unayoichorea wakati huo nayo haiguswi, lakini hiyo ni moja tu. Leya zilizoletwa na ramani ya nje iliyounganishwa hazifutiki, kwa sababu wenyewe wako kwenye faili lingine. Halafu kuna Defpoints, ambayo hujitokeza yenyewe mara uwekapo kipimo cha kwanza. Kila kipimo hujengewa bloku (vitu vilivyofungwa pamoja vikawa kitu kimoja) ndogo iliyofichika, na ndani yake mna nukta zilizo kwenye Defpoints. Maadamu kipimo kipo, bloku ipo. Maadamu bloku ipo, Defpoints imeshikwa.

Mnyororo huo wa kipimo, bloku na leya ndio unaotufundisha jinsi ya kulinda leya zetu. Leya ibaki? Kitu kiishike. Na hicho kitu nacho kishikwe.

Njia ya haraka ni kuchora kitu kidogo kwenye kila leya. Jihadhari tu na mambo mawili. Usichore mstari usio na urefu, kwa sababu PURGE ina kisanduku cha kufuta mistari ya urefu sifuri na maandishi matupu. Mwenzako akikiwekea alama, mlinzi anaondoka na leya inamfuata. Wala usitupe vitu hivyo mbali na nyumba ili visionekane. Mtu akitaka kuona mchoro mzima, nyumba itageuka kidoa kwenye kona ya kioo, na atapoteza muda kutafuta kilichoko huko mbali.

Njia ninayoiamini zaidi ni bloku moja ya hifadhi. Chora mstari mfupi kwenye kila leya unayotaka kuilinda, kisha vikusanye vyote viwe bloku moja. Tengeneza leya ya pekee, iite kwa mfano Z-HIFADHI, ingiza bloku hiyo juu yake, halafu igandishe. Leya ambayo bloku imewekwa juu yake ikigandishwa, bloku yote inatoweka machoni, hata kama leya za mistari ya ndani ziko wazi. Haichapishwi, haivurugi mwonekano wa mchoro mzima, na anayebonyeza Ctrl+A kisha kufuta haifikii, maana amri hiyo huruka vilivyogandishwa. Wakati huohuo kila leya iliyo ndani yake ina kitu kinachoielekeza.

Neno muhimu hapo ni kuingiza. Nimeona wachoraji wakitengeneza bloku na kuishia hapo, bila kuiweka popote kwenye mchoro. Bloku isiyowekwa popote ni kitu kisichotumika, na PURGE ikiruhusiwa kupekua vilivyomo ndani ya vingine itaiondoa bloku kwanza, kisha leya zilizobaki bila mshikaji.

Wanaojua AutoLISP, lugha ya kuandikia programu ndogo ndani ya AutoCAD, wana njia isiyochora chochote. Faili lina kamusi zake za ndani, na humo unaweza kuhifadhi rekodi ya data inayoelekeza leya zako. Aina ya kiungo ndiyo inayoamua. Muundo huu unatofautisha viungo vigumu na viungo laini: kiungo kigumu, kama chenye namba 340, kinakilinda kile kinachokielekeza kisisafishwe, kiungo laini, kama chenye namba 330, hakilindi. Ni njia safi, ila ina ugumu wake. Mchoraji atakayepokea faili baadaye atakuta leya tupu isiyofutika, na hataona sababu. Tangu toleo la 2020 dirisha la PURGE lina sehemu ya kuonyesha vitu visivyofutika na kueleza kwa nini, lakini mtu wa kawaida bado ni rahisi kwake kuigundua bloku kuliko rekodi ya kamusi. Kama faili litapita mikononi mwa watu wengi, tumia bloku.

Ujue pia kwamba PURGE si mlango pekee wa kupotea. Amri ya WBLOCK ikitumika kuandika mchoro mzima kwenye faili jipya huacha nyuma majina yasiyotumika. Ukinakili kuta na kuzibandika kwenye faili jingine, zinakwenda na leya zao tu; leya tupu zinabaki zilikokuwa.

Na hapa niseme ninachokiona mwenyewe: mara nyingi hatukuwa na haja ya kuzisafisha leya tangu mwanzo. Safu moja ya jedwali ni kitu kidogo mno. Uzito wa faili kwa kawaida unatokana na bloku zilizopakuliwa na kuachwa, na majina ya programu saidizi yaliyosajiliwa ndani ya mchoro, pamoja na mabaki ya aina za mistari yanayoingia na mafaili ya DGN, yaani ya programu nyingine ya uchoraji iitwayo MicroStation. Andika -PURGE, yenye kistari mbele, nayo itakuuliza ni aina gani ya vitu unataka kusafisha. Chagua B kwa bloku, rudia kwa R kwa yale majina yaliyosajiliwa, na leya uziache. Faili linapungua, na mhandisi anazikuta taa na soketi zake mahali pake.

Orodha kamili iwe na makao nje ya mchoro pia. Hifadhi faili la kiolezo la DWT lenye leya zote, na utoe hali ya leya kama faili la LAS. Ukiliingiza LAS kwenye mchoro uliokwisha kusafishwa, leya zilizopotea huundwa upya na rangi zake na unene wake.

Siku ya kukabidhi ramani ya mwisho, mteja hana haja na leya sitini tupu. Gandua Z-HIFADHI, futa ile bloku, kisha endesha PURGE ukiiruhusu ipekue vya ndani. Bloku inaondoka, na kila leya ambayo hakuna mhandisi aliyeitumia inaondoka nayo. Zilizotumika zinabaki, kwa kuwa sasa zimeshikwa na taa, mabomba na nyaya zenyewe.