Je, wajua? "D400" kwenye kifuniko cha mtaro si uzito wa lori

Baadhi ya vifuniko vya chuma vyenye matundu, vile vinavyomeza maji ya mvua barabarani, vina maandishi EN 124 na D400. EN 124 ni kiwango cha Ulaya. D400 nilijitafsiria mwenyewe: lori la tani 40 lipite, la tani 41 litumbukie. Nilimweleza hivyo hata fundi mmoja, kwa kujiamini kabisa.

Nilikosea. 400 ni kilonyutoni, kipimo cha nguvu, kama tani 40 kweli, ila kifuniko kikipimwa maabara hukandamizwa zote mahali pamoja kwa bamba ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 250, yaani sahani ya wali. Hakuna lori linalokanyaga hivyo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori zima lifike tani 56, lakini ekseli moja ya matairi manne isizidi tani 10. Kila upande tani 5. Kwa hiyo lori la tani 56 hupita, na kifuniko kimebeba tano tu.

Mbona basi kipimwe kwa mara nane? Kwa sababu tairi halishuki taratibu kama gunia kwenye mizani. Linadunda, linafunga breki, tena lori lenyewe huenda limezidishiwa mzigo. Hata maabara haianzi na tani 40: kwanza hukandamiza theluthi mbili yake na kuachia, mara tano, kisha hupima kama chuma kimebaki kimebonyea.

Na chuma chenye matundu kinawezaje? Chukua rula. Ilaze, inapinda kwa kidole. Isimamishe kwa ubavu, inagoma. Ndiyo maana fundi wa kenchi huisimamisha mbao ya mbili kwa nne. Ukiongeza upana wa mbao maradufu, nguvu huongezeka maradufu. Ukiongeza kimo maradufu, nguvu huwa mara nne, na kupinda hupungua mara nane. Basi kiwandani chuma huongezwa kwenda chini, kwenye mbavu ambazo mpita njia hazioni. Kifuniko kinene kwa juu hakithibitishi kitu.

Ila maabara husukuma polepole, fremu ikiwa imekaa sawasawa. Barabarani zege chini ya fremu humomonyoka, kifuniko kikaanza kucheza. Ule mlio wa "kwanga!" usiku gari likipita mara nyingi hutoka hapo, kwenye kikalio, pale kifuniko kinapokaa juu ya fremu, na D400 haiahidi lolote kuhusu zege la mkandarasi.