Charlie Chaplin: hakuwa bubu, hakuwa Mmarekani, na ule msemo wa mvua si wake

Kuna picha ya Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za zamani zisizo na sauti, ambayo haiishi kuzunguka kwenye status za WhatsApp: kofia, masharubu mafupi, macho ya huzuni, na chini yake maneno kwamba anapenda kutembea kwenye mvua ili watu wasione machozi yake. Wengine huyabandika maneno hayohayo kwenye picha ya Rowan Atkinson (Mr. Bean), na hakuna anayejali. Hayajapatikana katika kitabu wala mahojiano yoyote ya Chaplin. Ule mwingine wa "siku isiyo na kicheko ni siku iliyopotea" una mwenyewe: Nicolas Chamfort, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka 1794, karibu karne nzima kabla Chaplin hajazaliwa. Na lile shairi refu la kujipenda, linalodaiwa alilisoma siku alipotimiza miaka 70, limetokana na maandishi ya mwandishi Mmarekani yaliyochapishwa Chaplin akiwa ameshazikwa.

Misemo yenyewe haina madhara. Kinachonikera ni mtu anayejengwa kwa misemo hiyo: maskini mpole, mnyonge wa dunia, aliyechekesha kwa kipaji tu kama ndege anavyoimba. Chaplin wa kweli alikuwa mwajiri mwenye studio yake, mkali kazini, mgumu kwenye hela, na mchapakazi ambaye leo angewachosha waigizaji wetu wengi kabla ya saa nne asubuhi. Tuyapitie madai yanayosemwa juu yake, moja baada ya jingine.

"Yule mzururaji ndiye yeye mwenyewe"

Umaskini aliuonja, hilo halina ubishi. Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889, wazazi wote wawili wakiwa waimbaji wa kumbi za burudani. Baba aliondoka nyumbani mapema, na pombe ikammaliza mwaka 1901. Mama yake, Hannah, sauti ilimpotea, kisha maradhi ya akili yakamwandama, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitalini. Charlie alikuwa na miaka saba alipopelekwa pamoja na kaka yake Sydney kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth, na baadaye kwenye shule ya watoto fukara huko Hanwell.

Lakini hakuwahi kuwa mzururaji kama yule aliyemwigiza kwenye filamu zake. Kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa ameshaingia kwenye kundi la watoto wacheza dansi, Eight Lancashire Lads. Akiwa na miaka 14 alilipwa kuigiza kijana mtumishi katika tamthilia ya Sherlock Holmes. Mwaka 1908 akajiunga na kampuni ya vichekesho ya Fred Karno, ambako kijana aliyewekwa akiba wa kushika nafasi yake ndiye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Stan Laurel, yule mchekeshaji wa Laurel na Hardy. Kampuni ya Karno ndiyo iliyompeleka Marekani, na huko ndiko watu wa filamu walikomwona.

Fuata mshahara wake uone kama ni wa mnyonge. Kampuni ya Keystone ilimchukua mwishoni mwa 1913 kwa dola 150 kwa wiki. Mwaka 1915 Essanay walimpa 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 Mutual walikubali kumlipa dola 670,000 kwa mwaka, naye hajatimiza hata miaka 27. Mwaka 1919 aliungana na waigizaji Mary Pickford na Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith kuanzisha United Artists, ili wasambaze kazi zao wenyewe na faida isiishie mifukoni mwa mabwana wa studio. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, mwaka 1928 aliuza hisa zote alizowekeza kwenye soko. Mwaka uliofuata soko la hisa la New York likaporomoka.

Yale mavazi yalizaliwa mapema mwaka 1914, Keystone walipomtaka ajipambe kwa ajili ya kichekesho. Alitaka kila kitu kipingane na kingine: suruali pana na koti la kubana, kofia ndogo na viatu vikubwa. Masharubu yalikuwa ya bandia, aliyabandika ili aonekane mtu mzima. Nje ya kamera alikuwa mwanaume wa macho ya bluu, mvi zilizomwahi, na uso ulionyolewa safi. Huenda hapo ndipo ilipochipuka hadithi kwamba alishiriki shindano la kumwigiza Charlie Chaplin akashindwa. Magazeti ya zamani yalikuwa nayo, kila moja na toleo lake, lakini ushahidi wa shindano lenyewe haupo. Tamu mno kuachwa, nadhani, ndiyo maana haifi.

"Alikuwa anabuni tu mbele ya kamera"

Hii ndiyo dhana ninayoiona kubwa kuliko zote, maana inamfuta mwandishi na mwongozaji, anabaki mchekeshaji peke yake.

Keystone walipiga filamu zao haraka haraka, na Chaplin hakudumu wiki nyingi kabla ya kugombana na waongozaji wake. Alitaka kuongoza mwenyewe. Anasimulia kwamba alikubali kuweka dola 1,500 za akiba yake kama dhamana endapo filamu ingeharibika. Haikuharibika. Kuanzia katikati ya mwaka 1914 karibu kila filamu yake aliiandika na kuiongoza yeye.

Ni kweli kwamba miaka hiyo hakuwa na mswada uliokamilika mezani. Alianza na mahali, au kifaa, au wazo moja la kuchekesha, kisha akalifanyia mazoezi huku kamera ikizunguka. Mwaka 1983 watafiti wa filamu Kevin Brownlow na David Gill walionyesha kwenye televisheni ya Uingereza mabaki ya mikanda yake, vipande ambavyo havikukusudiwa kuonwa na mtu. Humo tunaiona The Immigrant ya mwaka 1917 ikizaliwa. Ilianza kama kichekesho cha mgahawani. Anarudia tukio la mezani, anabadilisha mhudumu, anarudia tena. Baada ya kazi yote hiyo ndipo anajiuliza: huyu mwanaume na huyu mwanamke walijuana wapi? Jibu likawa meli ya wahamiaji, na sehemu ile ya melini, tunayoiona mwanzo wa filamu, ilipigwa mwishoni. Kwa hiyo kamera kwake ilikuwa daftari la kuandikia, na kila ukurasa aliulipia kwa hela yake au ya kampuni.

Filamu ya City Lights ndiyo iliyompeleka mbali zaidi kwa tabia hiyo. Alianza kuipiga Desemba 1928 na haikuonyeshwa hadi Januari 1931. Kikwazo kilikuwa swali moja: msichana kipofu anayeuza maua atamdhaniaje mzururaji kuwa ni tajiri? Hakuna sauti, na msichana haoni. Alimrudisha mwigizaji wake, Virginia Cherrill, kwenye lile tukio la ua mara 342. Kazi ilisimama kwa siku nyingi huku wafanyakazi wakiendelea kulipwa, jambo linalowezekana tu pale studio inapokuwa mali yako. Cherrill alifukuzwa, mwingine akajaribiwa, Cherrill akaitwa tena. Mwishowe suluhisho lilikuwa mlango wa gari. Mzururaji anakwepa msongamano kwa kupita ndani ya gari la kifahari lililoegeshwa, anatokea upande wa pili, mlango unafungwa kwa kishindo, na msichana anadhani mwenye gari ameshuka. Kabla hajamrudishia chenji, mwenye gari halisi anaingia na kuondoka zake, naye anaamini mteja wake mkarimu ameenda. Mtazamaji analielewa kwa sekunde chache. Yeye lilimgharimu miezi.

Muziki nao alitunga, kuanzia filamu hiyo na kuendelea, ingawa hakujua kusoma nota. Alipiga kwa kusikiliza au aliimba kwa mdomo, wataalamu wakaandika na kupanga vyombo. Hapo niseme wazi: wasaidizi hao walifanya kazi kubwa kuliko inavyotajwa kwa kawaida.

"Alikuwa bubu" au, kwa wenye nafuu kidogo, "hakuweza filamu za sauti"

Alianza maisha ya jukwaani kwa kuimba. Aliachia filamu tano ndefu zenye mazungumzo anayoyaigiza au kuyaongoza, kuanzia The Great Dictator ya 1940 hadi A Countess from Hong Kong ya 1967. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, aliikatalia kwa hesabu. Yule mzururaji alieleweka Tokyo, Berlin na Buenos Aires bila mkalimani, na mtoto wa Tandale asiyejua neno la Kiingereza anamcheka leo hivyohivyo. Siku atakapofungua kinywa, atakuwa Mwingereza mmoja tu. Ndiyo maana katika Modern Times ya 1936, anapolazimika hatimaye kuimba, anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote.

Na ile mbio ya watu kama kuku? Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 au 18 kwa sekunde, kisha filamu zikaja kuonyeshwa kwenye mashine za picha 24. Mwendo ukapanda. Baadhi ya waongozaji, Chaplin akiwemo, waliongeza kasi kidogo kwa makusudi, lakini wingi wa ile harakaharaka unayoiona kwenye video za simu ni kosa la mashine.

"Masharubu aliyaiga kwa Hitler"

Chaplin aliyabandika mwaka 1914, wakati Hitler hajulikani na mtu. Kinyume chake nacho hakina ushahidi. Masharubu ya namna ile yalikuwa fasheni. Walizaliwa wakipishana siku nne tu, na Chaplin aliona hapo kuna filamu ya kumkejeli. Watu husahau kwamba alianza kuipiga The Great Dictator mwezi Septemba 1939 na kuiachia Oktoba 1940, Marekani ikiwa bado haimo vitani, na gharama akazibeba yeye. Baadaye aliandika kwamba lau angejua mambo halisi ya kambi za mateso, asingeweza kuifanya.

Wanazi walimwita Myahudi, na wengi wameipokea hivyo hadi leo. Hakuwa. Ila alikataa kukanusha hadharani, kwa kuona kwamba kukanusha kungewapendeza wanaowachukia Wayahudi.

"Marekani ilimfukuza raia wake kwa sababu ya ukomunisti"

Hapa kuna makosa matatu ndani ya sentensi moja. Kwanza, hakuwa raia. Aliishi Marekani takriban miaka 40 na hakuwahi kuomba uraia, jambo lililowaudhi wengi. Pili, hakufukuzwa akiwa nchini. Septemba 1952 alipanda meli ya Queen Elizabeth na familia yake kwenda London kuzindua filamu yake Limelight, na akiwa baharini Mwanasheria Mkuu, James McGranery, akafuta kibali chake cha kuingia tena. Angeweza kuomba upya na kuhojiwa. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha maofisa wa uhamiaji wenyewe walijua ushahidi wao hautoshi kumzuia. Chaplin hakutaka kuomba. Mkewe, Oona, ndiye aliyerudi kuhamisha mali, na mwaka 1953 wakahamia Corsier-sur-Vevey, Uswisi.

Tatu, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikusanya jalada la kurasa zaidi ya 1,900 na hawakupata kadi ya chama cha kikomunisti. Walichokuwa nacho ni hotuba zake za mwaka 1942 za kutaka Wasovieti wasaidiwe dhidi ya Ujerumani, na maisha yake ya faragha.

Hayo ya faragha tusiyapake rangi. Mwaka 1924, akiwa na miaka 35, alimuoa Lita Grey, binti wa miaka 16 aliyekuwa na mimba yake. Oona alikuwa na miaka 18 walipooana mwaka 1943, yeye 54. Ndoa hiyo ya mwisho ilidumu hadi kifo na ikaleta watoto wanane, lakini si kila Mmarekani aliyemkasirikia alitumwa na siasa. Kwa upande mwingine, ile kesi ya mtoto wa Joan Barry, mwanamke aliyedai Chaplin ndiye baba, aliishindwa mwaka 1945 ingawa vipimo vya damu vilionyesha hawezi kuwa baba. Sheria ya California wakati huo haikulazimisha baraza la mahakama kuvifuata.

Alirudi Marekani mwaka 1972 kupokea Oscar ya heshima, na ukumbi ukasimama ukimpigia makofi kwa dakika kama 12. Wanaosema hiyo ndiyo Oscar yake pekee wakumbuke kwamba alipewa tuzo maalumu kwenye sherehe ya kwanza kabisa, mwaka 1929, kwa The Circus, na mwaka 1973 akashinda ya muziki kwa Limelight, filamu ya miaka ishirini nyuma ambayo ilikuwa haijaonyeshwa Los Angeles.

"Ile ya kuibiwa maiti yake ni uzushi"

Hii ndiyo watu hawaiamini, na hii ndiyo ya kweli. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1977. Machi 1978 wanaume wawili wahamiaji walifukua kaburi, wakabeba jeneza, wakaanza kumpigia simu Oona wakidai fedha. Alikataa, akisema Charlie angeliona jambo hilo ni la kipuuzi. Polisi wakategesha watu kwenye vibanda vya simu vipatavyo 200 katika eneo la Lausanne, wakawanasa mwezi Mei. Jeneza lilikuwa limefukiwa kwenye shamba la mahindi karibu na kijiji cha Noville. Mpangaji alipata miaka minne na nusu, mwenzake kifungo cha nje, na kaburi la pili likamiminiwa zege.