Kabla hujanunua Peugeot 504 iliyolala

Mtu akiona Peugeot 504 imelala uani kwa watu, swali lake kwangu huwa moja: injini itawaka? Muuzaji naye analijua swali hilo, ndiyo maana hata mlango haujafunguliwa ameshasema, "Fundi, hii ilisimamishwa ikiwa nzima. Lete betri tu." Mimi injini huiacha hadi mwisho. 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004. Pikapu zake zilibeba kila aina ya mzigo na stesheni wagoni zikawa teksi za safari ndefu. Kwa sababu hiyo pistoni, laina, beringi na gaskiti bado unazipata ukizunguka Kirinyaga Road, Nairobi, na mafundi walioifungua injini hiyo mpaka wakaizoea wapo. Bodi ndiyo huipati dukani. Wala usijidanganye kwamba utaagiza nyingine nzima kutoka Ufaransa: usukani wake uko kushoto, na gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Hilo lililoko uani ndilo gari lenyewe. Bati likiwa limekwisha, umenunua injini na viti kwa bei ya gari.

Naanza na sababu ya kulala. Gari zima halisimami bila neno. Mwenyewe alifariki, au alihamishwa kikazi, au macho yalimzuia kuendesha: hizo ni sababu nzuri kwa mnunuzi. Sababu mbaya ni joto. Gari lililokuwa linachemka likaegeshwa "kwa muda" kisha likasahaulika lina ugonjwa ambao umeendelea kulila likiwa limesimama. Kijana anayeuza mara nyingi hajui, maana alikuwa mtoto. Muulize mama wa nyumba, kwa adabu na bila haraka: "Mama, mzee alipokuwa akisafiri, alikuwa anabeba mtungi wa maji kwenye buti?" Akijibu kwamba ndiyo, tena walikuwa wakisimama njiani kuongeza, umeshajua habari ya gaskiti ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kifuniko cha juu cha injini, kabla hujafungua boneti.

Halafu angalia lilipoegeshwa. Juu ya saruji, chini ya paa, mbali na bahari, una bahati. Hapa Mombasa hewa ya chumvi inakula bati hata gari likiwa limefunikwa, na turubai la plastiki linaongeza madhara kwa sababu linafungia unyevu ndani. Likiwa juu ya udongo, tairi zimezama na nyasi zimegusa tumbo, tegemea sakafu kuoza kuanzia chini. Likiwa chini ya mwembe, nenda moja kwa moja kwenye kioo cha mbele. Mbele ya kioo, mwishoni mwa boneti, kuna mahali hewa inapoingilia, na maji ya mvua yaingiayo hapo yana njia zake za kutokea chini. Majani yakiziba njia hizo, maji yanakaa. Mimi hubeba chupa ya maji, nikamimina taratibu pale, kisha nikainama kutazama. Maji yakidondoka ardhini nyuma ya gurudumu la mbele, vizuri. Yakitokea ndani, penye miguu ya dereva, bati la mbele limetoboka, na kulifikia kwa kulehemu kunadai dashibodi itoke yote.

Ni lazima uelewe kwamba 504 haina chesisi ya kutenganishwa kama Land Rover. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo kutu katika sehemu fulani si suala la urembo. Sehemu ninazozichunguza kwa muda mrefu ni bati la chini ya milango, sakafu penye miguu, pembe za nyuma zinaposhikwa springi, na zaidi ya zote pale juu ndani ya boneti ambapo springi na shokapu za mbele zinajishikiza. Uzito wote wa mbele unasukuma hapo. Kutu ikiwa imechanua kuzunguka boliti zile, au kuna kipande cha bati kimebandikwa juu kwa ulehemu wa viraka, mimi huwaaga wenyewe.

Vifaa vyangu ni vichache: tochi, bisibisi butu, kioo kidogo cha mkono, na sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Sumaku hushika bati na kuteleza juu ya puti, ile lipu ya kuzibia mashimo kabla ya rangi. Pitisha polepole chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu, na ukifika mahali inapoachia, weka alama kwa chaki. Bisibisi ni ya kugongea kwa mpini na kusukuma kidogo kule chini. Bati zima linalia, lililooza linabonyea bila sauti. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu likitoboka mbele ya mwenyewe mazungumzo ya bei yanaweza kuharibika. Mazulia yainuliwe, lazima. Nimeona sakafu iliyopakwa lami nyeusi ikang'aa vizuri kwa chini, na kwa juu, chini ya zulia, ni gunia na puti.

Kipo kipimo kimoja cha jeki ninachokiamini kuliko macho. Fungua mlango wa mbele. Weka jeki sehemu yake halali chini ya bodi, inua upande ule kidogo tu, kisha jaribu kuufunga mlango. Ukifunga kama mwanzo, bodi bado ina nguvu. Ukigoma, au uwazi kati ya mlango na nguzo haulingani tena juu na chini, bodi inajikunja. Na jeki ikianza kuzama ndani ya bati, iteremshe, kipimo kimeisha. Usijilaze chini ya gari lililoinuliwa hivyo hata kwa sekunde. Ukitaka kuona chini, weka magogo imara kwanza.

Sasa injini, na ombi langu kubwa ni hili: usikubali iwashwe siku hiyo. Betri ya kuazima na petroli ndani ya chupa vinaweza kuifanya ingurume dakika moja na kila mtu akapiga makofi, lakini kuta za silinda ni kavu, ringi zina kutu, oili imeshuka yote chini, na dakika hiyo moja inaweza kukwaruza kitu ambacho kingeweza kuokolewa. Anza na kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa safi, bado usiridhike. Weka kopo chini, legeza taratibu nati ya kumwagia oili hadi ianze kudondoka. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kabisa, hivyo kama yamo yatatangulia kutoka.

Maji hayo yana njia inayojulikana. Laina za injini hii, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja, na hazikukazwa ndani ya bloku: zimeketi juu ya gaskiti nyembamba chini, na hedi ndiyo inayozibana kutoka juu. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Wengi walitia maji ya bomba badala ya dawa yake ya kupozesha, na maji hayo yakikaa miaka yanakula hedi kwenye njia za maji na kuozesha zile gaskiti za chini. Kwa hiyo uliza pia kama kuna fundi aliyewahi kuinua hedi "kuangalia tu". Hedi ikishatoka, laina zisipobanwa na mtu akazungusha krenki, zinanyanyuka na gaskiti za chini zinaharibika. Boliti za hedi zikiwa na alama mpya za spana kwenye injini yenye vumbi la miaka, hiyo ni ishara tosha.

Baada ya hapo, toa plagi. Zimezama sana ndani ya hedi, hivyo puliza uchafu kwanza usianguke ndani. Tia oili kidogo kila silinda, na muuzaji akikuruhusu, rudi kesho. Weka gia huru, tia spana kwenye nati ya puli ya mbele, zungusha kwa mkono. Ikisogea hata robo, nafurahi. Ikigoma, usilazimishe na usilikimbie gari. Laina na pistoni zinabadilishwa kwa seti, na bei ishuke kulingana na hilo. Ya dizeli nakuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu pampu iliyokwama inaweza kula pesa kuliko injini yote ya petroli.

Breki, hesabu kwamba zote ni mpya: masta silinda, mipira, na pistoni za magurudumuni. Tangi hivyo hivyo. Gari lililoegeshwa kabla ya 2006 linaweza kuwa na mabaki ya petroli yenye risasi, kwa hiyo vaa glavu na usiinyonye kwa mdomo. Nyaya zikaguliwe nyuma ya dashibodi, wanakopenda kuzaana panya.

Kitu ambacho wanunuzi hukipita haraka ni vitu vidogo vya nje. Taa zenye umbo la pembe, bampa, grili, raba ya kioo cha mbele, vishikio vya milango: pikapu za mwisho hazikukuachia vyote hivyo, na mimi napendelea 504 iliyokufa injini ikiwa na taa zake zote kuliko inayonguruma bila hata moja. Pia usilipie hadithi. Ni kweli Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978, ila hiyo ya pili ilikuwa kupe, ya milango miwili na injini ya V6 (silinda sita), gari jingine kabisa na hili la uani.

Karatasi, nazo ni nusu ya ununuzi. Namba iliyogongwa kwenye bati na ile ya kibao zilingane na logibuku, herufi kwa herufi. Namba ya usajili ya zamani isiyo na herufi mwishoni ina thamani yake, lakini tu ikiwa ni ya gari hilo. Aliyeandikwa akiwa marehemu, mtoto mkubwa hawezi kukuuzia kwa maneno, hata akiwa ndiye mwenye ufunguo. Familia ionyeshe idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi, na warithi wengine wajue. Usitoe hata amana kabla ya hapo.

Mkikubaliana, lipande lori. Kamba na breki zilizokufa ni hatari kwako na kwa wengine barabarani. Na kabla lori halijaondoka, muombe mama akufungulie stoo. Vifuniko vya magurudumu, jeki ya asili, kioo cha pembeni, kitabu cha gari na funguo za akiba huwa viko humo nyuma ya magunia, na usipoviuliza siku hiyo, wiki ijayo vitakuwa vimeuzwa kwa wa vyuma chakavu.