Desmodiamu na Shamba la Kukodi

Katika kazi yangu ya utafiti wa jamii za wakulima wadogo magharibi mwa Kenya, swali ninaloulizwa mara nyingi na wafadhili, na hata na wataalamu wenzangu, ni kwa nini wakulima hukataa teknolojia ambayo imekwisha kuthibitika kwamba inafanya kazi. Naliona swali hilo kuwa limepinda tangu mwanzo, kwa sababu linachukulia kwamba teknolojia ilikamilika siku ilipotoka kituo cha utafiti, na kwamba kilichobaki ni mkulima kuipokea au kuikataa. Ningependa kutumia mbinu moja ninayoifahamu vizuri, yaani vuta-sukuma katika shamba la mahindi, ambapo mmea mmoja huwafukuza wadudu na mwingine huwavuta kando, kueleza kwa nini naamini kwamba haki ya ardhi, mgawanyo wa kazi nyumbani na umiliki wa ng'ombe huamua uendelevu wa kilimo kidogo kwa kiwango kile kile ambacho mbegu na udongo huuamua.

Mahindi ya ukanda wa Ziwa Victoria yana maadui wawili wa siku nyingi. Wa kwanza ni funza wa mabua, watoto wa nondo wanaotaga mayai kwenye majani ya mahindi machanga. Funza hao hutoboa bua na kuula moyo wa mmea kutoka ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haiwafikii tena. Wa pili ni kiduha, gugu ambalo wakulima wa Homa Bay na Siaya huliita kayongo. Hilo lina maua mazuri ya zambarau, lakini madhara yake huanza chini ya ardhi kabla halijachomoza, kwani hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula chake, na mkulima anapoyaona maua hayo mahindi yamekwisha kudumaa. Mmea mmoja wa kiduha huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala udongoni kwa zaidi ya miaka kumi zikisubiri mizizi ya mahindi, mtama au wimbi. Kuking'oa kwa mkono ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na kwa kawaida ni ya wanawake na watoto.

Mbinu ya vuta-sukuma ilibuniwa katika miaka ya 1990 na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kwa kushirikiana na watafiti wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza. Zeyaur Khan aliongoza kazi hiyo katika kituo cha Mbita, ukingoni mwa ziwa, na John Pickett akasimamia uchunguzi wa kemikali za harufu za mimea. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Majani ya nepia, ambayo Tanzania huitwa mabingobingo, hupandwa mistari mitatu kulizunguka shamba, na harufu yake humvuta nondo huyo huyo akatage huko. Funza wengi wanaoanguliwa kwenye nepia hufa, kwa kuwa shina lake likitobolewa hutoa utomvu unaonata na kuwanasa. Faida dhidi ya kiduha ilijitokeza bila kutarajiwa: watafiti walikuwa wakishughulika na funza, wakaona kwamba kila palipokuwa na desmodiamu kiduha kilikuwa kinatoweka. Baadaye ikafahamika kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazoyazuia machipukizi yake yasishike mizizi ya mahindi, hivyo yakafa kwa kukosa wa kumnyonya. Juu ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni katika udongo na kuufunika usipoteze unyevu, na inapokatwa pamoja na nepia huwa chakula kizuri cha ng'ombe. Kiwavijeshi vamizi alipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba ya vuta-sukuma yalionekana kushambuliwa kidogo kuliko yaliyopandwa mahindi matupu.

Kwa hiyo sina shaka yoyote na sayansi ya jambo hili. Ninachokitazama mimi ni muda. Desmodiamu ni mmea wa kudumu, na msimu wa kwanza hukua polepole mno. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba huchanganywa na mchanga laini ndipo zimiminwe katika mfereji wa kina kifupi, na miche yake ikichomoza inafanana na magugu, hivyo palizi ya kwanza lazima ifanywe kwa mkono na kwa macho makali. Kiduha huanza kupungua waziwazi kuanzia msimu wa pili, na akiba ya mbegu zake iliyomo udongoni huendelea kushuka msimu baada ya msimu. Mbolea ya dukani ikinunuliwa mwezi wa Machi, faida yake huvunwa mwezi wa Agosti. Desmodiamu ikipandwa Machi, faida yake kubwa iko mwaka unaofuata na miaka inayofuatia, na ni yule tu mwenye uhakika kwamba atakuwa katika shamba hilo hilo miaka hiyo anayeweza kuipanda bila wasiwasi.

Wakulima wengi hawana uhakika huo. Huko Siaya nilimtembelea mama mmoja anayelima sehemu mbili zinazopakana, moja ikiwa ni ya boma lake na nyingine ya kukodi kwa malipo ya kila mwaka. Upande wa boma, desmodiamu ilikuwa imetandaa katikati ya mistari hata udongo hauonekani, na mahindi yalikuwa yamempita urefu. Upande wa pili wa ua, mahindi yalifika kiunoni, yamepauka, na kiduha kilikuwa kimechanua kila mahali. Mlimaji alikuwa mmoja, mafunzo yalikuwa yale yale, na jembe lilikuwa lile lile. Nilipomuuliza kwa nini hakuvusha desmodiamu hadi upande wa pili alinijibu, "Mwanangu, mimi nikilisafisha hili, mwenyewe atakuja kulilima." Hakuwa akikisia, kwa maana jirani yake alikuwa amekwisha kurudishiwa kodi yake na kuambiwa aondoke mara tu shamba lilipoanza kutoa mavuno ya maana. Mtu anayemhesabu mama huyo kuwa mkulima aliyekataa teknolojia katika nusu ya shamba lake hajamwelewa hata kidogo, kwani uamuzi wake ni wa busara kamili kwa mtu asiye na ahadi ya mwaka ujao.

Hata pasipokuwa na kukodi, mambo si mepesi. Familia nyingi zinalima ardhi ambayo hati yake bado ina jina la babu aliyefariki zamani, kwa kuwa mirathi haikushughulikiwa, na kila mmoja anatumia kipande alichoonyeshwa kwa mdomo na wazee. Katika hali hiyo, kupanda mmea wa kudumu huonekana na wengine kuwa ni kudai ardhi. Nimesikia kesi zaidi ya moja mbele ya wazee ambapo shemeji alilalamika kwamba mistari mitatu ya nepia iliyopandwa na mjane wa ndugu yake ilikuwa ni mpaka mpya uliowekwa kwa hila. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi, na ninaiheshimu sana ibara hiyo. Lakini mjane anayepanga shamba lake huwasikiliza kwanza mashemeji zake, kisha wazee, na wakili humfikia mwisho kabisa, kama humfikia.

Suala la pili ni nafasi iliyo katikati ya mistari. Kwa mchoraji wa ramani ya shamba nafasi hiyo ni tupu, lakini katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya ni mahali pa maharagwe, na maharagwe ni ya mama. Ndiyo mboga ya jioni, ndiyo pure ya watoto, na debe moja likipelekwa sokoni ndiyo pesa ndogo ambayo mama hahitaji kuomba ruhusa kuitumia. Desmodiamu ilipokuja kukaa hapo, iliondoa bila kukusudia zao ambalo halikuwa likiandikwa katika hesabu za mavuno ya mahindi. Wanawake walilisema jambo hilo katika mashamba darasa, na kwa sifa zao watafiti walisikiliza. Majaribio yakafanywa ya kupanda maharagwe katika mashimo ya mahindi au baina ya shina na shina katika mstari ule ule, na yakafaulu. Nalitaja kwa furaha, kwa sababu hapo teknolojia yenyewe ilibadilika kutokana na maneno ya watu ambao mwanzoni hawakuulizwa. Palizi ya mkono ya msimu wa kwanza, hata hivyo, imebaki, na mikono inayoifanya ni ile ile iliyokuwa iking'oa kiduha. Baada ya msimu wa pili mzigo hupungua kweli. Tatizo ni kwamba msimu wa kwanza hauna malipo, na nyumba ambayo vijana wake wamekwenda Kisumu au Nairobi kutafuta kazi haina mikono ya kuukopesha.

Ng'ombe ndiye anayeifanya hesabu ya vuta-sukuma ikubali. Mwenye ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa bandani hukata nepia akianza na mstari wa ndani, huchanganya na desmodiamu, na kuona tofauti katika ndoo ya maziwa kabla hajaiona katika gunia la mahindi. Asiye na ng'ombe amepanda malisho ya kumuuzia jirani, na bei yake hushuka siku ambazo mvua ni nyingi na kila mtu ana majani. Kisha huja swali la nani anapokea pesa za maziwa. Katika nyumba nyingi nilizozifahamu, mama na mabinti ndio wanaokata na kubeba majani, maziwa ya asubuhi hupelekwa kwenye ushirika ambako akaunti ina jina la baba, na ya jioni hubaki nyumbani, mengine yakanywewa na mengine yakauziwa majirani kwa kikombe. Kadiri malisho yanavyostawi ndivyo maziwa ya jioni nayo yanavyoanza kutafutiwa soko la ushirika. Mume na mke wanaokaa chini wakakubaliana juu ya jambo hilo hudumu na vuta-sukuma kwa miaka. Wasiokubaliana, mama huacha polepole kwenda kukata majani.

Kuna pia majirani. Baada ya mavuno, desturi ya sehemu nyingi huruhusu mifugo kuchunga popote kwenye mabua makavu, na desmodiamu ikiwa ndicho kitu pekee cha kijani huliwa hadi mzizini. Mkulima mmoja peke yake hawezi kuizuia desturi hiyo bila kuonekana mchoyo. Kijiji kikiamua pamoja, inawezekana. Ujirani huo huo ndio ulioeneza vipandikizi vya nepia bila gharama, na ndio uliosaidia kueneza ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, ambao husafiri ndani ya vipandikizi vinavyotolewa kwa moyo mwema na pia hubebwa na mdudu mdogo anayefyonza majani. Aina za nepia zinazostahimili zilitafutwa, na katika maeneo makavu nyasi za brakiaria zikachukua nafasi yake.

Kwa sababu hizo, ninapoombwa ushauri na mradi unaotaka kueneza vuta-sukuma, naanza na mkataba wa ardhi kabla ya kuzungumzia mbegu. Napendekeza ukodishaji wa miaka mitatu au zaidi, ulioandikwa kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaisoma, na kutiwa saini mbele ya mzee wa kijiji na chifu msaidizi, huku mke wa mwenye shamba akiwepo. Ndani yake iandikwe kwamba desmodiamu na nepia ni mali ya aliyezipanda. Kwamba kodi haitapandishwa kabla ya muda kwisha kwa sababu ya mavuno kuongezeka. Na kwamba mwenye shamba akilitaka mapema atamlipa mpangaji gharama ya mbegu na ya palizi ya msimu wa kwanza, ikihesabiwa kwa ujira wa kibarua wa siku hizo. Aidha, mradi ugharimie palizi hiyo kwa nyumba zisizo na mikono, kama unavyogharimia mbegu.